Ruhusa ya Kwenda kwa Delma

Jumatatu, 4 Machi

Haya, kile kidoa chekundu kimewaka. Nasema. Kuandika sijui, basi naongea na simu, na simu haichoki kunisikiliza kama watu. Kaniletea Delma kutoka Hong Kong, Krismasi ile jogoo alipotoroka tukamkuta kanisani, juu ya kinanda — basi, tuache jogoo.

Delma kalazwa. Binti yangu, niliyebakiwa naye huyo tu. Miaka yote kule anafua nguo za wenyewe, analea watoto wa wenyewe, leo kalala yeye. Nimemwona humu kwenye simu, puani ana mipira. Madaktari wamekataa asipande ndege. Basi nimfuate mie. Pasipoti ninayo, alinishughulikia yeye mwenyewe, ati nije nione maghorofa.

Lakini mie mtu wa kesi! Tulikaa barabarani, vikongwe watupu, malori ya kokoto yasipite kwenye makaburi yetu. Polisi mmoja akateleza, akaingia mtaroni. Ati nilimsukuma. Kwa magoti haya? Niko nje kwa dhamana, na kuvuka mpaka siwezi mpaka hakimu aseme ndiyo.

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri kanichora msalaba kwenye paji, akaanza yale maneno ya kurudi mavumbini. Nikakohoa kwa nguvu, yasiniingie. Mwaka huu sitaki kusikia habari za mavumbi.

Toribia, shoga yangu na mshitakiwa mwenzangu, kanambia ningekaa nyumbani kama wazee wenye akili, saa hizi ningekuwa angani nahudumiwa juisi. Nikamwuliza, na yeye je, aliyekwenda kuzuia malori na mto wa kukalia? Tukacheka. Halafu akanishika mkono, hakuuachia mpaka mlangoni.

Wakili wetu, yule binti Belmonte, kasema ombi litasikilizwa Ijumaa. Hakimu akiniuliza nijibu ukweli, basi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeharibu.

Mwendesha mashitaka, bwana mmoja wa nywele za mafuta, kasema nikitoka sirudi. Nikamjibu, nisirudi, nguruwe wangu atamlisha nani, yeye? Watu wakacheka, hata karani. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo hakimu, mama mtu mzima, mpole tu, akaniinamia.

"Mama Iluminada, hali ya binti yako ikoje?"

"Hajambo, Mheshimiwa," nikasema. "Mchovu kidogo tu. Anakula."

Na nikanyoosha mkono, nikagonga mbao ya meza yake.

Yule bwana akasimama hapo hapo. Kama hajambo, haraka ya nini? Asubiri kesi iishe. Belmonte kainamisha kichwa. Barua ya hospitali ilikuwepo, imesomwa, lakini mama mzazi ndiye kasema hajambo. Ombi likakataliwa.

Nisemeje mie? Kwetu mama hataji kifo cha mtoto aliye hai. Kinywa huumba. Nilipokuwa mdogo, shangazi alisema kaka yangu hatafika mavuno, mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga, akabaki na alama nyeupe kama kikaragosi. Kaka hakufika mavuno. Mama hakumsemesha shangazi tena mpaka anakufa. Mtu yeyote wa huku akisikia "hajambo" halafu akaona unagonga mbao kuzuia balaa, anajua. Lakini karani anaandika maneno. Kugonga mbao haandiki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelisha nguruwe. Delma hakupiga.

Jumatatu, 11 Machi

Belmonte kaja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hakimu kakubali kunisikia tena Alhamisi. Ila safari hii nitamke. Lile neno ambalo mama halitaji. Neno moja tu, Nanay, mama yangu, kasema, halafu unakwenda kwa mwanao. Nikamwambia alitamke yeye, si ndiye kasomea? Kasema lake keshaliandika, sasa kinatakiwa kinywa cha mama.

Nimejaribu kumwambia nguruwe. Nimeishia kwenye "binti yangu".

Jioni Delma kapiga. Sauti nyembamba. Kaniuliza nimekula nini. Nikamwambia mbaazi na fenesi, na nyama. Akasema ana hamu na mchuzi wake, ule mchachu. Kisha akasema, "Nay, Belmonte kanieleza. Waambie tu. Mimi sikasiriki."

Nikamwambia mtandao mbaya, sikusikii. Tena nilikuwa namsikia kama yuko jikoni.

Nimelitoa kabatini gauni langu jeupe, lile la kuzikiwa, kila kikongwe hapa analo. Nimelianika. Basi tu. Nguo hukaa na unyevu.

Alhamisi, 14 Machi

Naongea chini chini, tuko ukumbini, nje ya chumba cha mahakama. Toribia kakaa ubavuni kwangu.

Nimekuja na begi. Nikasema, ruhusa ikitoka niende moja kwa moja uwanja wa ndege. Kumbe nimempa maneno yule bwana wa mafuta! Mheshimiwa, kasema, ona, keshafungasha, huyu ni mtu wa kutoroka. Hakimu akanitazama. "Fungua, Mama, tuone."

Nikafungua mezani. Chupa ya uduvi wa chumvi — yule bwana akaziba pua. Samaki wakavu. Mbaazi, nitampikia huko huko. Sweta. Nikataka kufunga, hakimu akasema, na chini je?

Chini gauni.

Akalishika yeye mwenyewe. Ni wa mkoa huu huu, hakuhitaji kuuliza ni nguo ya nini. Kaligeuza, kaona lesi, kafika chini, kidole kikasimama kwenye uzi mpya.

"Hili ni lako, Mama?"

"Lilikuwa langu, Mheshimiwa."

"Umeteremsha pindo."

"Yeye ni mrefu," nikasema.

Karani kalamu juu, hajui aandike nini. Yule bwana wa mafuta kaangalia viatu vyake, akakaa bila kuambiwa. Hakimu akalikunja gauni, vizuri, mikono ndani kama tunavyokunja sisi, akalirudisha chini ya sweta. Akasema anaingia ofisini kwake, tungoje.

Basi tunangoja. Mlango bado umefungwa. Toribia kalikumbatia begi kama mtoto.

Sikulitamka. Mungu ni shahidi, sikulitamka.

Benchi hili ni la chuma. Na ukuta saruji. Toribia, hebu sogea — hakuna hata kipande cha mbao humu?