Boti ya Kunivusha

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefua, nimepika uji, nimemwogesha Neema. Baba Neema kaenda tena kuangalia boti. Siku hizi ni boti tu. Akila, boti. Akilala, boti.

Ziko mbili, kwenye gereji ya barabara ya Singida. Wenyewe walikuwa wanatembeza watalii, wamezichoka. Pesa ya ng'ombe tuliouza inatosha moja. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa wageni wamezidi, wanataka kuona viboko, lakini mtumbwi wetu wa kasia wanauogopa. Hiyo ndiyo sababu yake.

Yangu ni nyingine. Mimba ina miezi mitano, na hospitali iko ng'ambo ya ziwa.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimekwenda mwenyewe kuziona.

Nyekundu ndefu, futi ishirini na mbili, pua imechongoka. Mashine moja kubwa, nguvu ya farasi mia na hamsini. Mimi farasi hata mmoja sijawahi kumpanda. Punda tu. Onesmo, dalali, akapiga ubavu wa boti kwa kiganja. "Shemeji, hii haielei. Hii inaruka!"

Ya bluu fupi, pana, futi kumi na tano. Kama karai la kuogea. Mashine yake ndogo, farasi kumi na tano, ya kuvuta kamba. Baba Neema akaiinamisha kwa mkono mmoja, propela ikatoka juu. Akafurahi kama amepata mtoto.

Mimi naitaka nyekundu. Naitaka mpaka naona aibu.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumegombana. Kwa sauti ya chini, kwa sababu ya Neema.

Anasema nyekundu ni kubwa mno kwa ziwa letu. Magugu. Viboko. Anasema kwenye mtumbwi anagonga ubavu kwa kasia, kiboko anasikia, anainua kichwa, unajua yuko wapi, unazunguka. Kwa mbio zile utagonga saa ngapi?

Nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia. Nikamwambia Neema alizaliwa katikati ya maji. Mvua, barabara ya huku Nakwa haipitiki, yeye anapiga kasia, mimi nalia, hospitali naiona taa zake na haisogei. Damu ilijaa miguuni kwangu. Sitaki tena. Nataka mbio.

Akatoka nje. Aliporudi akasema, haya, tutachukua nyekundu.

Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nataka kuandika kabla sijalala.

Leo walikuwa wanaijaribu nyekundu. Baba Neema hakutaka nipande. Nikapanda. Neema nilimwacha kwa mama mkwe. Onesmo alishika usukani, kavaa miwani ya jua kama rubani.

Mungu wangu, ile mbio. Pua ikainuka, upepo ukanivua kilemba, nikacheka peke yangu kama mwehu. Hospitali ilikuwa inakuja! Nikajishika tumbo nikasema, mwanangu, umeona?

Lakini pua ikiinuka hivyo, mbele huoni maji. Unaona mbingu. Baba Neema alikuwa amesimama, anapiga kelele, "Punguza! Punguza!" Onesmo akakata kona ghafla. Kichwa cha kiboko kikapita ubavuni, karibu hata nikaona nywele za pua yake. Tukaingia kwenye magugu. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikazima.

Kimya.

Onesmo akawasha, ikakataa. Akawasha, ikakataa. Propela imefungwa magugu kama uzi kwenye cherehani, na mashine nzito, haikuinuka kwa mkono. Baba Neema akachukua kasia. Akainama, akanyoosha mkono. Kasia likagusa maji kwa ncha tu. Ubavu ni mrefu mno. Boti ya farasi mia na hamsini, na hakuna wa kuisogeza hatua moja.

Viboko wakaanza kuibuka, huku na huku, wanapuliza.

Nikawaza: na ingekuwa uchungu umenishika?

Aliyetutoa ni jirani yetu Baba Isaya, anavusha magunia ya mahindi. Alikuja kwa mtumbwi, polepole, anagonga ubavu, ko, ko, ko. Akatufunga kamba. "Mama Neema, shikamoo kwa ndege hiyo! Imekufa au imelala?" Onesmo akasema ni betri. "Basi shikamoo, betri," akajibu Baba Isaya, akaendelea kupiga kasia.

Baba Neema hakunilaumu hata kwa jicho. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nawaza tu.

Ya bluu haina mbio. Hilo ni kweli. Lakini ikizima, magugu unayatoa kwa mkono. Ikikataa kabisa, ubavu ni mfupi, kasia linafika.

Mchana nimemwambia, chukua ya bluu. Akaniuliza, na hofu yako? Nikasema hofu ninayo bado. Halafu akasema, kama ni kuchelewa, dawa yake si mashine, ni kutoka mapema. Twende kwa dada yako Anna kabla ya masika.

Dada Anna anakaa nyuma ya hospitali. Mbona hatukufikiria hivyo safari ile ya Neema? Tulikuwa watoto.

Jumapili, 22 Februari

Nimevuka leo. Mawingu yapo, mvua bado. Kanga, beseni na nguo za mtoto ndani ya boti ya bluu, Neema mapajani.

Baba Neema hakuwasha mashine mara moja. Alichukua kasia akagonga ubavu, ko, ko, ko. Tukasubiri. Vichwa vikaibuka kule kwenye matete, mbali. Ndipo akavuta kamba.

Tumboni mtu akapiga teke.

Neema akauliza, tumefika? Nikamwambia bado, mama. Tunakwenda.