Tangu Juma Anywe Chai Kwangu

Jumanne, 1 Julai

Gurusa zimetoka vizuri leo. Nyembamba kuliko chapati, hazikushika kikaangoni. Unga huu ni afadhali kuliko ule wa juzi uliokuwa na mchanga. Chai ya tangawizi.

Juma, mtoto wa jirani yangu Asina, alipita kama kawaida kabla ya kwenda kwenye karakana yake ya useremala. Mimi na Asina tumetenganishwa na ua wa matete tu. Juma alijifunza kutembea akiushikilia. Leo hakula. Alikunywa nusu kikombe, akasema tumbo linamsumbua tangu wiki iliyopita. Nikamwambia aende akapimwe. Akacheka, akaenda kazini.

Magoti yanauma. Mvua itanyesha.

Alhamisi, 3 Julai

Juma amezidiwa. Wamempeleka hospitali Arua. Asina ameenda naye, ameniachia kuku wake niwaangalie. Koboko nzima imejaa tope.

Ijumaa, 4 Julai

Juma amefariki.

Wamemleta alasiri, tukamzika kabla ya magharibi. Daktari alisema ni homa ya matumbo iliyokaa bila dawa, utumbo ukatoboka. Asina hakulia. Alikaa na miguu imenyooshwa kama mtoto. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 6 Julai

Nimepika kwa ajili ya matanga. Wali na nyama ya mbuzi, sinia kubwa. Wanawake walilipokea, wakaliweka chini ya turubai pamoja na mengine. Mengine yakaisha. Langu likabaki limefunikwa mpaka watu wakaanza kuaga.

Ndipo shangazi yake Juma, aliyetoka Midia, akauliza kwa sauti, macho yake yakiwa kwingine: "Hii kijana ilikunywa chai ya mwisho kwa nani?"

Hakuna aliyehitaji kujibu.

Nimerudi na sinia langu kichwani. Nimekula nikiwa nimesimama mlangoni, wapita njia waone kwamba nakula. Niliona aibu. Niliendelea kula.

Jumatano, 9 Julai

Neno ni sumu. Bado halijatamkwa mbele yangu. Huku kwetu anayesemwa kuwa na sumu ndiye wa mwisho kuambiwa.

Wanangu walipokuwa wadogo, kulikuwa na mama mzee kule Kuluba. Kwanza watu waliacha kula kwake. Kisha yakaja mawe. Kisha paa lake la nyasi likashika moto mchana kweupe, na kijiji kizima hakuna aliyeona kitu. Yeye alitoka mzima. Sijui alikwenda wapi. Hakuna aliyeuliza.

Paa langu ni la bati. Leo nimejiambia hivyo tena na tena. Bati haliwaki.

Rajab amepiga simu kutoka Arua. Nikamwambia mwanangu kwamba niko salama, baridi tu.

Ijumaa, 11 Julai

Asina hajavuka ua. Binti wa kaka yake ndiye aliyekuja kuchukua kuku, akasimama nje ya mlango. Mfiwa hatoki, najua. Lakini namsikia akizungumza upande wa pili, na sauti yake inashuka nikikohoa.

Naogopa. Nimeandika. Naogopa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeona mabadiliko yangu mwenyewe na siyapendi.

Bombani nateka maji, nakunywa kwanza, ndipo nawapisha wengine. Sokoni nimenunua ndizi, nikaila palepale mbele ya muuzaji. Sijui nilitaka kumthibitishia nini. Mtoto wa mtu alianguka njiani, sikumwinua. Niliweka mikono nyuma nikaita mama yake. Mikono hii imepika harusi ngapi hapa Koboko. Sasa naificha kama mwizi.

Jana jioni jiwe lilianguka juu ya bati. Labda ni watoto wanaolenga popo. Labda.

Alhamisi, 17 Julai

Mwenyekiti wa kijiji amekuja. Hakukaa. Kiti nilikiweka, akakishika mgongo tu.

"Mama, mimi sina neno na wewe. Lakini toka kidogo. Iko vijana wanaongea vibaya. Watu wapoe kwanza."

Nikamwuliza nimefanya nini. Akasema hakuna aliyesema umefanya. Ndiyo hivyo. Hakuna mashitaka, kwa hiyo hakuna pa kujitetea.

Nimempigia Rajab. Safari hii nilisema kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Arua. Rajab alikuja na gari la rafiki yake. Nilichukua nguo, msala, redio, na daftari hili. Asina alikuwa uani kwake wakati tunapakia. Aliinua mkono kidogo. Sikuelewa kama ananiaga au anafukuza nzi.

Mke wa Rajab, Zaitun, amenipa chumba cha mbele chenye dirisha. Ni mwanamke mwema. Mjukuu wangu Nuru ana miaka minne, haniachi hata nikienda chooni. Ananiita bibi: "Habuba, habuba." Hakuna anayetaja Koboko. Nimelala usingizi wa kweli.

Jumatano, 23 Julai

Nimepika uji wa mtama kwa mara ya kwanza hapa. Zaitun alikunywa kikombe kizima akiwa amesimama, akakimbilia kazini. Nuru aliomba wa pili. Nilitoka uani kidogo, nisije nikalia mbele ya mtoto.

Jumapili, 27 Julai

Nuru ameamka na homa. Ametapika. Rajab amemkimbiza zahanati.

Nilikuwa dirishani. Nilimwona Zaitun akichukua sufuria ya uji wangu wa asubuhi, akaenda nyuma ya choo, akamwaga. Kisha akaisugua kwa majivu. Akaisugua tena.

Walirudi. Ni malaria. Wamepima, wameona, wamempa dawa. Zaitun akaniambia, "Ni malaria tu, Mama," na hakuweza kuniangalia. Hajui kwamba nilimwona. Simlaumu. Ni mtoto wake. Na mimi ningemwaga.

Hiyo ndiyo inaniumiza zaidi. Na mimi ningemwaga.

Ijumaa, 1 Agosti

Nuru amepona, anakimbia. Mchana tulikuwa wawili nyumbani, mama yake alikuwa kwa jirani. Akaja na sahani yake. "Habuba, nipe chakula." Chungu kilikuwa palepale, maharage aliyopika Zaitun mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupakua tu.

Sikuweza.

Nikamwambia amngoje mama. Akadhani ni mchezo, akanisukumia sahani. Nikaisukuma. Akalia. Alilia kwa njaa mbele ya chungu kilichojaa na bibi yake ameketi kando, mikono mapajani. Mpaka Zaitun akarudi mbio akidhani mtoto ameungua.

Nimesema mikono inatetemeka siku hizi. Zaitun alinitazama muda mrefu. Nadhani ameelewa. Akampakulia Nuru maharage.

Jumanne, 5 Agosti

Asina alikuja.

Ametoka Koboko asubuhi, peke yake, bado na kitambaa cheupe cha msiba. Amekonda. Akaketi mkekani karibu nami kama zamani, akavua viatu.

"Hawa, mimi sikusema hiyo maneno. Lakini sikuikataa pia. Watu walisema mbele yangu, nikanyamaza. Mtoto yangu ilikufa na tumbo. Daktari ilisema na mimi nilisikia. Nimechoka. Jua ni kali, nipe maji."

Mtungi ulikuwa pembeni yangu. Kikombe juu yake.

Nilisema, "Zaitun atakuletea."

"Sitaki ya Zaitun. Nataka ya mkono yako."

Niliuangalia ule mkono. Nilifikiria mwanamke aliyefiwa, aliyekonda hivi, safari ya jua kali. Akiugua njiani, au kesho, watasema nini? Zaitun ana mtoto. Rajab ana jina mjini. Nikamwita Zaitun.

"Hata mimi unaniogopa?" Asina akasema.

Nilitaka kumwambia si wewe. Nilisema, "Pole kwa safari."

Akanywa maji ya Zaitun. Tukazungumza habari za mvua. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka getini. Hakugeuka.

Alivuka mji mzima wa maneno ya watu kuja kunirudishia jina langu, na mimi sikuweza kumpa kikombe cha maji.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina la kuandika. Rajab anasema kuna mwalimu anataka kupanga nyumba ya Koboko. Nimemwambia ampe.

Alhamisi, 14 Agosti

Homa tangu juzi. Mwili hauna nguvu. Leo Zaitun hakwenda kazini. Alipika mchuzi wa samaki, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika kichwa kwa nyuma, akanilisha kwa kijiko.

Mimi ni mzee na ninaumwa. Naweza kufa mchana huu huu, na kijiko kiko mkononi mwake. Nilimtazama nione kama analifikiria hilo. Alikuwa anapuliza mchuzi upoe.

Nimekula. Chumvi ilikuwa kidogo. Sikumwambia.