Gari Lililolala Chumbani kwa Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kunisaidia. Nakuandikia kwa kuwa tangu tukuzike, hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza. Lile gari lako la wazi limetoka leo.

Unakumbuka tulivyohama Sepuka, tulipoambiwa wote tukakae kijiji cha ujamaa? Petroli hakuna. Ukafunga maksai mbele ya gari uliloachiwa na yule daktari mzungu uliyekuwa dereva wake, alipokuwa akirudi kwao baada ya Uhuru. Ukakunja paa lake la turubai, ukampakia bibi, vibuyu, kuku na mimi. Ukashika usukani kwa heshima zote, kama tunakwenda harusini. Watu wa njiani walicheka hadi wakakaa chini, na wewe ukawa unawapungia mkono. Sijawahi kukuona umefurahi vile.

Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. "Mzee, hili sasa ni la wote. Litatubebea mbegu."

"Ngojeni nijenge kwanza," ukamjibu.

Ukajenga kweli. Ulisimamisha kuta za tembe kulizunguka gari, ukaacha mlango wa kupita mtu mmoja tu, na chumba hicho ukampa mama. Kamati ilipokuja ukawaambia, "Lipo chumbani kwa mama yao. Nani anaingia?" Kwetu mwanamume mgeni haingii chumba cha ndani cha mke wa mtu. Waliguna, wakanywa togwa, wakaenda zao.

Mama akalala na gari lile mpaka akawa na mvi kichwa kizima. Usukani ulikuwa wa kuanikia khanga, kiti cha nyuma cha kuwekea unga. "Umeniletea mke mwenza wa chuma," alikuwa akikutania, "na yeye ndiye anayepakwa samli." Ulikuwa ukicheka huku unaendelea kusugua viti. Hadi leo ngozi yake haijapasuka.

Sasa wanao wa kiume wamepata mteja kutoka Dodoma. Niliwaomba wasubiri mpaka mama naye apumzike. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, wewe umeolewa Mtinko, ya hapa tuachie." Tukamuuliza mama mwenyewe.

"Mimi nitasema nini? Baba yenu hayupo," akasema, akageukia ukutani.

Wakachukulia kwamba amekubali. Nililia mbele yao, baba, mtu mzima mimi, wakanipita wakaenda kutafuta sururu.

Asubuhi wameubomoa ukuta. Gari limetoka bila mkwaruzo, mteja akalizunguka huku akilisifu, na vijana wakapiga nalo picha. Wanasema wiki ijayo wataleta matofali ya kuchoma. Mama yuko palepale kitandani, magoti hayamruhusu kuhama, na kila anayepita njiani anamwona alivyolala. Ameniomba nimzibie. Nimetundika khanga zote nilizokuja nazo, hata niliyokuwa nimejitanda. Hazitoshi. Pengo ni la gari zima.

Nimeketi hapo penye pengo, nimewapa mgongo wapita njia ili wasimwone. Mgongo wenyewe mwembamba, baba. Wanamwona.

Pumzika, mimi bado nipo naye.

Mwanao,
kifungua mimba wako