Siku Wageni Walipokuja Kukagua Choo Changu

Misigiri,
Jumapili jioni.

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Faith na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimepona. Sisi huku hatujambo. Elisha ametimiza mwaka na miezi minane, anakula vizuri na anakimbiza kuku uwanjani mpaka wanakosa raha. Alizeti zimeanza kutoa maua.

Utashangaa kuletewa barua na Melkizedeki wa vitunguu wakati simu unayo. Kwenye simu ningelia, nawe ungesema basi, yamekwisha, na mimi ningenyamaza kwa kufurahi. Safari hii sitaki kunyamaza.

Nasikia tangu Mama arudi huko Nduguti, wifi hamwachii watoto. Akienda shambani anambeba mdogo mgongoni kwenye jua lote, kisa bibi aliwahi kumnyima maji mjukuu anayehara. Simlaumu wifi. Mzazi gani akisikia hivyo atakaa kimya? Na habari hiyo niliisema mimi mwenyewe.

Unajua kazi yangu ya mhudumu wa afya. Miaka minne nimezunguka kijiji na begi langu nikiwaambia akina mama kwamba mtoto anayehara hanyimwi maji, wala ziwa, wala uji; achanganyiwe paketi ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, anyweshwe kidogokidogo. Wameniita daktari, na jina hilo, nisikufiche, lilinikaa vizuri. Ndiyo maana nyumba yangu ikachaguliwa kaya ya mfano, na siku ile wageni walikuwa wanakuja kutazama choo changu na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepaka chokaa mpaka mawe ya njiani.

Asubuhi hiyo Elisha akaamka anahara na kutapika. Nikachanganya ORS, nikamnywesha kikombe kizima kwa haraka, akakitapika chote kwenye gauni langu la wageni. Mama, aliyekuwa amekuja kunisaidia palizi, akaniambia nisimjaze hivyo. Nimpe kijiko, nisubiri kidogo, nimpe kingine. Nikamjibu kwamba mambo hayo nimeyasomea.

Wageni walikawia, wakaondoka saa nane mchana. Nilipomshika mtoto alikuwa amelegea, macho yamezama, analia bila chozi. Tukakimbia naye zahanati kwa bodaboda. Nesi akamfinya ngozi ya tumbo, ikakawia kurudi, akauliza kwa hasira ni nani aliyemnyima mtoto maji siku nzima. Nikasema ni bibi yake, watu wa zamani wanaamini kuhara kunakaushwa. Nesi akamsema Mama mbele ya foleni nzima, mama anayeweza kumzaa. Mama aliniangalia mara moja tu, akajifunga khanga yake vizuri, akamwomba nesi amsamehe, akasema hakujua.

Kaka, Mama alijua. Asiyejua ni mimi niliyesoma. Nilimwagiza asimpe mtoto kitu chochote mpaka wageni waondoke, maana kila kinachoingia kinatoka, na sikutaka ionekane kwamba kwenye kaya ya mfano kuna mtoto anayehara. Nilipoingia jikoni kuwachukulia chai, nikamkuta amejibanza naye pembeni, anamnywesha ORS kwa kijiko. Nikampokonya kikombe nikamwaga chini. Nikamwambia asiniaibishe. Mama yangu mzazi, kaka. Kisha nikatoka na chai, wakanipiga picha nikinawa mikono. Naamini mwanangu yuko hai kwa vile vijiko alivyovipata kabla sijaingia.

Juzi nilimpigia Mama nikamwomba radhi. Nikamwambia nitawaeleza ninyi na nesi ukweli. Akanikataza. Akasema yeye ameshazeeka, aibu hiyo haimzuii kitu, lakini mimi bado ni kijana na kazi nitaipoteza. Nilidhani atanikemea, kumbe bado ananifunika. Nimeona haya kuliko siku ile ya zahanati.

Basi nakuomba umsomee wifi barua hii yote, Mama akiwepo, hata akikwambia uache. Halafu wifi ampe Mama yule mdogo, aende zake shambani bila wasiwasi. Watoto wenu hawana mikono salama kuliko ile. Kesho asubuhi nakwenda kwa nesi, na ile foleni nayo itasikia. Wakilichukua begi, walichukue.

Wasalimie wote nyumbani na majirani wanaonikumbuka. Mama simtumii salamu kwa karatasi. Nitakuja Jumamosi kumpigia magoti mwenyewe, kama mtanipokea.

Ni mimi mdogo wako, niliyemsingizia Mama,

Asnath