Kumi na Moja Aliyeitikiwa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salamu tu, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwa sababu maji yamenifika shingoni na aliyeyamwaga ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na mbili, na maisha yangu yote nimeinamia kitambaa, mpaka mwaka jana wifi yangu, dada wa mume wangu, aliponiburuta kwenye kikundi cha mtaa wetu kinachotembea kila Jumamosi asubuhi katika msitu ulio nyuma ya matangi ya maji, na tangu siku hiyo nimekuwa kama mtoto, kumbe kuna majani yananukia limau ukiyafikicha, kumbe siafu wana barabara zao na foleni zao, kumbe miaka yote naishi jirani na vitu hivi nikijua aina kumi za zipu na sijui jina la mti hata mmoja!

Kiongozi wetu ni nesi mstaafu, mama wa miaka sabini, tunamwita Filimbi kwa sababu ndiye aliyeshikilia kwamba kila mtu avae filimbi shingoni, na sheria yake kubwa ni hesabu, kila tukisimama kila mtu anatamka namba yake kwa sauti, mimi kumi na moja, wifi kumi na mbili na ndiye wa mwisho, na Filimbi akiisikia hiyo ya mwisho ndipo tunaondoka.

Sasa Jumamosi mbili zilizopita tumesimama kupumzika, nikaona kindege cha kijivu kichakani, mshauri, kinashona. Sitii chumvi. Kimevuta majani mawili pamoja, kinatoboa kwa mdomo, kinapitisha utando wa buibui, kinavuta, kinahamia tundu la pili, nikasema moyoni huyu anapiga bandi kabisa, ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa, jamani nani kamfundisha, nikamnong'oneza wifi, "Hesabu ikinifikia niitikie, nakuja sasa hivi, nione tu anavyokaza uzi," na wifi akacheka, "Haya, fundi kakutana na fundi," na kwa kuwa njia imepinda na Filimbi yuko mbele haoni wa nyuma, wifi akaitika kumi na moja kwa sauti ya kukwaruza kama yangu, kisha kumi na mbili kwa sauti yake, wakaondoka akijua nitawafikia.

Nilipoinua kichwa hakuna mtu. Nikakimbia, kwenye njiapanda wao walishika kulia mimi nikashika kushoto, nikateleza nikaangukia korongoni, kifundo cha mguu kikateguka, nikapeleka mkono shingoni nipulize filimbi na shingo tupu, ndipo nikakumbuka kamba yake niliifungia mkasi wa kazini usipotee na filimbi yenyewe niliitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Kwa muda wa saa tatu nzima nilikaa pale nalia huku nagonga chupa ya maji kwa jiwe, mpaka mfuga nyuki mmoja akanisikia akanitoa, akanifikisha kwa wenzangu, ambao hesabu ya kituo kilichofuata iliwaonyesha sipo na walikuwa wananitafuta upande mwingine.

Aliyelaumiwa ni Filimbi. Watu walimgeukia palepale, eti amehesabu vibaya, eti amezeeka, hasikii, atatuulia watu, naye akawa anarudia tu, "Lakini mimi nilisikia kumi na moja," na mimi nikanyamaza, na wifi akanyamaza, na tulipofika nyumbani wifi akaniambia, "Ukisema, umenitaja na mimi, na ile sauti niliitoa kwa ajili yako."

Lililonivunja ni hili. Juzi Filimbi alikuja kibandani kwangu na sketi nimpandishie pindo, nimepiga magoti mbele yake, pini zimejaa mdomoni, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hebu niambie ukweli, wewe ukizungumza na mimi unaona nasikia sawasawa? Maana wanangu wamenipangia kipimo cha masikio Ijumaa, na kama nasikia sauti ambazo hazipo, basi sio masikio tu." Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa cherehani, mshauri. Nami nikatikisa kichwa tu, hata sijui nilitikisa ndiyo au hapana, nikaendelea kuchomeka pini.

Kikundi kinakutana Jumamosi baada ya kipimo kuamua kama kimpumzishe. Nikisema, nampoteza wifi na pengine nafukuzwa, na vifaranga vya yule ndege vitatoka nisivione. Nifanye nini?

Fundi mwenye aibu

*

Fundi,

Barua yako nimeiruka mbele ya nyingine ishirini, kwa sababu Ijumaa haikungoji wewe wala mimi.

Nianze na lisilo kosa. Kumtazama ndege anashona si kosa. Mimi mwenyewe nimeisoma sehemu ile mara tatu, kisha nikatoka nje kuchungulia ua wa ofisi, wenzangu wakadhani nimepoteza funguo. Mtu wa miaka hamsini na mbili anayeuliza "nani kamfundisha" ana bahati, na naomba usiipoteze.

Kosa ni kuazimisha namba. Ile kumi na moja hukupewa iwe pambo. Ni shingo yako. Ukimpa mwingine aitamke, umemwambia kiongozi wako kwamba uko salama wakati hajui uko wapi, na hakuna kiongozi duniani, awe na masikio ya popo, anayeweza kukutafuta ikiwa umeshaitika upo. Na hiyo filimbi kwenye kopo la vifungo! Mkasi ukipotea utanunua mwingine. Wewe je?

Hata hayo ningeyasamehe. Lakini mama wa miaka sabini amesimama mbele yako, anakuuliza kama akili yake bado ni nzima, na jibu lote unalo wewe, ukajificha nyuma ya pini. Hapo umenikasirisha, fundi, sikufichi. Alikuwa anaogopa kupotea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Wewe unajua kupotea kulivyo, ulikaa korongoni saa tatu. Yeye anakaribia wiki mbili sasa, na hana hata chupa ya kugonga.

Kwa hiyo usingoje kikao. Leo, funga kibanda, umpelekee sketi yake mwenyewe. Kabla ya kutoka mwambie wifi unakwenda, asije akasikia kwa watu. Mwambie utasema, "Mimi nilimwomba." Lake la kuitika atalisema mwenyewe, na akikataa, usimsemee. Atanuna. Mawifi hununa, kisha hurudi kuomba chumvi. Akikuacha kabisa kwa sababu umesema kweli kuhusu jambo ulilolianzisha wewe, njoo tulie pamoja, lakini sidhani.

Jumamosi rudia maneno yaleyale mbele ya wote, umesimama, bila kuanza na "kwa kweli mnisamehe." Sema kwanza, msamaha utaomba mwishoni. Wakitaka kukupumzisha wewe badala yake, pumzika. Wakikubakiza, omba jambo moja: mtu akiona kitu cha kumshangaza apige ukelele wa "Subirini!" na kikundi kizima kisimame kitazame naye. Mnakwenda msituni kujifunza, mna haraka ya nini? Siku ile watu kumi na wawili wangemwona ndege yule, na kifundo chako kingekuwa kizima. Na filimbi itafutie kamba yake. Fundi wewe, utakosa kamba?

Kuhusu vifaranga, sijui kama utawawahi. Huenda usiwawahi. Ndege atashona tena, nawe utakuwapo, ukiwa kwenye mstari.

Sasa ufike kwa Filimbi. Usizunguke na habari za sketi wala mvua. Usiweke kitu chochote mdomoni. Mkalishe, mshike hiyo mikono, umwambie: "Mama, masikio yako ni mazima. Ulisikia kumi na moja kwa sababu kumi na moja ilitamkwa."