Baiskeli ya Baba Haiuzwi

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani.
Jumapili jioni.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Wewe na wifi hamjambo? Mgongo wako umepoa? Na Mapengo wenu, meno ya mbele yameshaota? Sisi wazima, ila naandika nimelala kifudifudi maana kukaa siwezi. Sababu utaiona mbele.

Kazini ni kule kule. Napima watu macho kutwa, na nusu yao wananisomea herufi walizokariri wakiwa kwenye foleni.

Sasa lile agizo lako. Uliandika kwamba jirani yetu, Mama Redio, amekwambia Baba anajiua kwenye kikundi chake cha baiskeli na mbio. Kila Jumapili wenzake wameshakauka jasho, yeye ndio kwanza anaingia. Ukataka niiuze baiskeli kabla moyo uliomlaza mwaka jana haujamlaza tena. Mama Redio hutia chumvi, lakini hilo la kufika mwisho nililiona mwenyewe dirishani. Niliogopa, Kaka. Ila sikutaka kumhukumu mzazi kwa ushahidi wa dirishani, kwa hiyo leo nikaazima baiskeli nikaenda nao.

Wanaendesha hadi ghalani, wanamwachia mlinzi baiskeli, wanakimbia kulizunguka bwawa, kisha wanarudi hapa nyumbani kunywa chai. Wenyewe wanaita kujipima. Nilijiona kijana kati ya wastaafu. Mlima wa kwanza mmoja wao, muuza mikate, alinipita akipiga mluzi. Wa pili wakanipita waliobaki. Nilijikaza kisabuni, wapi! Nilikiona cha mtema kuni. Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwepo Baba peke yake, hata hahemi, filimbi shingoni.

Ndipo nikaujua utaratibu wao. Mwenye filimbi hukaa nyuma ya mnyonge wa siku. Hampiti, hamhimizi. Wote wakishafika anaipuliza, na kabla haijalia hakuna anayegusa chai wala kwenda zake. Daktari alimwambia Baba afanye mazoezi polepole, naye akaomba kazi ya polepole. Kumbe tulikuwa tunamwonea huruma mtu aliye kazini! Nilicheka, kisha nikalia kidogo, nikasingizia jasho.

Ingeishia hapo, ningekuandikia kwamba Baba ni chuma. Lakini tulipokuwa tunakimbia kando ya bwawa sikusikia tena viatu vyake. Nilimkuta ameshika nguzo ya uzio, macho ameyafumba.

"Baba, tukae."

"Tukae," akasema. Hakubisha. Wewe unamjua, kwa hiyo unajua jinsi neno hilo lilivyonitisha.

Tulikaa mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akaivua filimbi akanivisha.

"Shika wewe. Wa mwisho leo ni mimi. Na usinihimize."

Tulirudi kwa miguu tukizikokota baiskeli, yeye mbele, mimi nyuma. Mara mbili alisimama, nami nikasimama. Ulimi uliniwasha nimwambie jambo, lakini mwenye filimbi hasemi.

Kesho nampeleka kwa daktari. Wazo ni lake mwenyewe, hakuvutwa shati. Daktari akimkataza kabisa, baiskeli itakaa ukutani na nitakuandikia hivyo bila kuficha. Lakini kuiuza, hapana, Kaka. Uliniagiza nimzuie asiyejua mwisho wa nguvu zake. Nimemwona akiujua mapema kuliko mimi niujuavyo wangu.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa chake nimekipata. Mapengo mpe busu la babu yake. Shangazi anakusalimu na kukukumbusha kwamba simu nayo hupigwa siku za kawaida. Mungu awalinde huko mliko na atukutanishe tukiwa wazima.

Nilisahau kukwambia tulivyofika. Jua lilikuwa limepanda, chai imepoa vikombeni, hakuna aliyekuwa ameonja. Mama Redio alikuwa kibarazani kwake, macho kwetu. Nilisimama nje ya geti mpaka Baba alipoingia, akavuta kiti, akakaa. Ndipo nikaipuliza.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, ambaye sasa ndiye wa nyuma.