Mkono Tumboni mwa Ng'ombe

Dada Koleta, shikamoo. Poleni na mvua huko Murukulazo.

Sijawahi kumwambia mtu: natamani kuwa daktari wa mifugo, lakini damu hunitia kizunguzungu.

Jana hapa Biharamulo ng'ombe wa kijiji cha ujamaa alishindwa kuzaa. Vijana wako vitani, na mkono wa bwana mifugo ni mnene. Akanitazama mimi.

"Msichana hata kukamua haruhusiwi!" mzee mmoja akafoka.

"Simwombi akamue, mzee," bwana mifugo akamjibu.

Nikaingiza mkono. Dada, ndama akaninyonya kidole, humo humo tumboni! Nilipiga ukelele, mimi nisiyesikika hata darasani. Nikamfunga kamba miguuni, wazee wakamvuta, akatoka hai. Damu ilinijaa hadi kiwikoni, na kizunguzungu nikakisahau.

Nimewakumbuka sana, nibusie mtoto.

Nilipokwisha kunawa, nilimwomba bwana mifugo anitajie masomo yanayotakiwa.

Mdogo wako,
Anjelina